Mwana Asiyejiweza na Mali ya Mzazi: Huruma Ina Wakati Wake

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim. Ndugu Waislamu, somo letu la leo ni katika mlango wa hiba na wasia, na lawahusu khasa wenye mgonjwa au mlemavu nyumbani. Watu wetu wa pwani wengine wamehamia bara kwa kazi na biashara, wakanunua viwanja Rongai na Kitengela, katika Kajiado, wakajenga vyumba vya kupangisha. Mali ile iko mbali na jamaa, na mara nyingi hati yake ina jina la mtu mmoja. Mtu huyo akiugua, ndipo watu hukumbuka kuuliza sharia yasemaje.

Natupige mfano. Mtu akaa Ongata Rongai, ana vyumba karibu na njia ya Magadi. Ana mke, wana wawili wa kiume, na binti mmoja aliyezaliwa na ulemavu wa akili, hawezi kujilisha wala kujisemea. Wazazi wa mtu huyu wamekwisha kufa. Naye akifa, mali yake itafanywa mafungu 40: mke 5, kila mwana wa kiume 14, na binti 7. Basi baba, maradhi yakimkaza, aandika kitandani kwamba vyumba vyote ni vya binti. Je, yafaa?

Jawabu ni kuwa maandishi hayo peke yake hayafai. Utoaji wa mtu aliye katika maradhi ya mauti huhukumiwa kama wasia. Na wasia kwa mrithi haupiti ila warithi wenzake wauridhie baada ya yeye kufa. Wakikataa, vyumba vyarudi katika mirathi, na binti hapati ila fungu lake.

Hapa yatupasa tufahamu maradhi ya mauti ni yapi. Si kila ugonjwa, wala si ulemavu. Ni maradhi ambayo kwa kawaida huhofiwa kumfisha mtu, kisha akafa nayo. Na panapokuwa na shaka, huulizwa matabibu wawili waadilifu. Maulamaa wetu wa Kishafii wametoa mfano wa kupooza: mwanzo wake ni wa kuhofiwa, lakini kukiendelea muda mrefu si wa kuhofiwa tena. Basi aliyepooza miaka mingi na akili yake ni timamu, ana amri kamili juu ya mali yake.

Wengi husema, "Nimekwisha kumpa mwanangu kwa ulimi." Nao wasikie habari ya Sayyidna Abubakar (r.a.). Alimpa bintiye Bibi Aisha (r.a.) wasaki 20 za tende katika shamba lake, naye hakuzitwaa. Mauti yalipomjia alimwambia kwamba lau angalizitwaa zingalikuwa zake, lakini siku ile zimekuwa mali ya warithi. Akiwa Swiddiq hakumpitishia Mama wa Waumini hiba isiyokabidhiwa, sisi ni nani?

Njia za halali zipo, nazo ni za wakati wa afya.

Ya kwanza ni hiba ya kukabidhi. Mtume (s.a.w.) alikataa kushuhudia kipawa alichopewa Nuuman bin Bashir pasi na ndugu zake, kwa hivyo kupendelea mwana mmoja bila haja ni makuruhu kwetu. Lakini pakiwa na haja, kama ulemavu, makuruhu huondoka. Mtoto asiye na akili timamu, babake ndiye ampokeaye. Na ardhi ya Kenya haihami kwa maneno: uhamisho huandikishwa kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012.

Ya pili ni wakfu. Baba huweka wakfu vyumba, kodi yake imtunze binti maisha yake, kisha iwe ya mafukara, na humtaja msimamizi. Ajue kuwa katika madhehebu yetu hawezi kujiwekea mwenyewe kodi hiyo. Mwaka 1894 baraza la rufaa la London, katika kesi ya Bara Hindi, liliubatilisha wakfu wa jamaa, na hukumu ile ikafuatwa hata Afrika Mashariki. Kenya ikauruhusu tena kwa sheria ya mwaka 1951.

Ya tatu ni thuluthi, nayo ni ya asiyerithi: mjukuu aliyefiwa na babake akazuiliwa na ami zake, au mzazi asiyekuwa Mwislamu. Saad bin Abi Waqqas (r.a.) alipougua Makka alitaka kutoa zaidi, akawekewa mpaka katika thuluthi, akaambiwa kuwa hata hiyo ni nyingi.

Juu ya hayo, mwana asiyejiweza hahitaji mali tu, ahitaji na mtu. Baba aandike wasii wake, mbele ya mashahidi. Wengi hudhani lazima awe ami. Sivyo! Babu mzaa baba akiwa hayuko, mama aliyetimiza masharti ni bora kuliko wengine. Na wote wakumbuke kwamba madeni, na katika hayo mahari ya mke yaliyosalia, hulipwa kabla ya wasia na mirathi.

Na hapa twataja munkari ulioenea. Mtu hufa, na kabla mali haijagawanywa, huchinjwa ng'ombe na kupikwa mapilau ya siku ya tatu na ya arubaini kwa fedha za marehemu. Katika fedha zile limo fungu la binti asiyeweza kusema "naridhia". Mwenye kula, na ajue anakula cha nani!

Mwisho, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, yampa Kadhi kuhukumu mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele yake. Basi usiwaachie wanao ugomvi wa kuchagua mahakama. Andika ungali mzima, kabidhi ungali mzima, na wanao wakubwa wajue mapema kwa nini ndugu yao amepewa.

Wabillahi t-tawfiq.