SOMO: MWAKA MMOJA WA KUJIFUNZA KAZI GEREJI

Sisi ni vijana wawili wa Chiwanda, wilaya ya Nyasa, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbinga. Baba zetu ni ndugu wa tumbo moja. Tulisoma ufundi wa injini chuoni, mjini Songea. Kisha chuo kikatutuma kufanya kazi mwaka mzima katika gereji moja ya mjini. Wengi wenu mna watoto watakaotumwa hivyo hivyo. Kwa hiyo tumeandika somo hili tuwaeleze tuliyoyaona, mazuri na mabaya.

KWA NINI MWANAFUNZI APELEKWE KAZINI?

Darasani mwalimu huchora injini ubaoni. Injini ya ubaoni haina kutu wala haivuji oili. Tena mwenye gari hasimami nyuma yako akiuliza itapona lini. Injini ya gereji ina mambo hayo yote.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Novemba 1974, Azimio la Musoma lilitaka vijana waliomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwanza, ndipo waende chuo kikuu. Mwaka 1994 ilitungwa sheria iliyoanzisha VETA, mamlaka inayosimamia mafunzo ya ufundi stadi. Mafunzo ambayo kijana hujifunza kazi kwa fundi huitwa uanagenzi.

KARATASI YA MKATABA

Mwenye gereji alitupa karatasi ya ukurasa mmoja. Tukaileta nyumbani ili Mzee aitie sahihi. Mzee ni baba wa mmoja wetu na baba mkubwa wa mwingine. Alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la kisomo. Zamani karatasi kama ile angeitia dole gumba tu. Safari hii alivaa miwani, akakaa chini ya mwembe, akasoma kwa kidole, neno kwa neno. Sisi tulikuwa na haraka. Tuliona anatuchelewesha.

Alipomaliza akatuita.

"Hapa pameandikwa kijana atafanya kazi zote atakazopewa. Nimepaona. Hapa pameandikwa asipofika kazini atakatwa posho. Nimepaona. Je, wapi pameandikwa atafundishwa?"

Tulitafuta, hatukupaona.

"Na mkono ukiumia, nani atautibu?"

Hapakuwa na neno.

Mzee alipanda gari Mbamba Bay, akapita Mbinga, akafika Songea. Alimwambia mwenye gereji, "Bwana mkubwa, sikuja kugombana. Nimekuletea vijana wenye mikono minne. Naomba tuongeze mistari miwili." Yule bwana alicheka, akasema mambo hayo yanaeleweka tu. Mzee akajibu, "Kama yanaeleweka, basi kuyaandika hakutatushinda."

Mistari ikaongezwa kwa kalamu. Wa kwanza ulisema wanafunzi watafundishwa kazi na fundi mkuu. Wa pili ulisema wakiumia kazini gereji italipa matibabu. Wote wawili wakatia sahihi. Mzee akarudi na nakala yake.

MIEZI MITATU YA UFAGIO

Tulianza kazi mwezi wa kwanza. Tulifagia, tuliosha spea kwa dizeli, tulichemsha chai, tulitumwa dukani. Kufagia si aibu, maana gereji chafu huvunja watu miguu. Lakini miezi mitatu ilipita hatujashika spana.

Kila mmoja wetu alikuwa na daftari la kumbukumbu za kazi. Mwanafunzi huandika humo alichojifunza kila siku, na fundi hutia sahihi kila juma. Juma lisilo na sahihi, chuo chetu hakilihesabu. Madaftari yetu yalikuwa matupu, na sisi tuliogopa kusema. Mwisho tulimpigia Mzee simu.

"Si mstari mnao?" akasema. "Nendeni mkamsomee kwa adabu."

Tulisubiri baada ya chai, tukamwendea fundi mkuu na mkataba mkononi. Aliusoma, akanyamaza kidogo. Akasema, "Mimi sikuonyeshwa hii. Kesho mje kwangu." Kumbe hakuna aliyemwambia kwamba sisi ni wanafunzi. Alidhani ni vibarua.

Tangu siku hiyo alitufundisha vizuri. Lakini ile miezi mitatu haikurudi. Wenzetu walimaliza mwezi wa kumi na mbili, sisi tuliendelea hadi mwezi wa tatu. Kosa la kutotufundisha halikuwa letu. Kosa la kunyamaza miezi mitatu lilikuwa letu.

SIKU YA JEKI

Mwezi wa saba gari moja liliinuliwa kwa jeki. Vyuma vya kuegemeza gari vilikuwa chini ya gari jingine, na mteja alikuwa na haraka. Mmoja wetu akaingiza mkono bila kuweka egemeo. Jeki ikanywea. Vidole viwili vilivunjika.

Mwenye gereji alisema ni uzembe wetu. Ni kweli tulikwisha fundishwa kwamba jeki ni ya kuinua gari, si ya kulishikilia. Lakini mkataba haukusema "wakiumia bila kosa." Ulisema "wakiumia kazini." Alikasirika, lakini alilipa hospitali. Kidole kimoja hadi leo hakikunji vizuri. Bila ule mstari, Mzee angeuza mtumbwi.

TULICHOLETA NYUMBANI

Hapa kwetu ziwani boti nyingi huendeshwa kwa injini za petroli. Injini zile za mipigo miwili hazina mahali pake pa kuweka oili kama gari. Oili huchanganywa ndani ya petroli, na ndiyo inayolainisha pistoni na silinda. Watu wengi hukadiria kwa macho. Oili ikipungua, injini hupata moto na pistoni hushika. Oili ikizidi, moshi huwa mwingi na plagi huchafuka.

Injini nyingi za namna hiyo hutaka lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli. Hesabu yake ni hii:

Petroli lita 50, oili lita 1.
Petroli lita 25, oili nusu lita.
Petroli lita 5, oili mililita 100.

Kabla ya kuchanganya, soma kitabu cha injini yako, kwa kuwa si zote zina kipimo kimoja. Injini ikizima barabarani utashuka na kusukuma. Ikizima katikati ya ziwa, na mwera unavuma, hakuna wa kushuka.

MAMBO YA KUULIZA KABLA YA KUTIA SAHIHI

1. Kijana atafundishwa nini, na nani?
2. Nani atatia sahihi daftari lake, na kila baada ya siku ngapi?
3. Akiumia, nani atalipa matibabu?
4. Posho ni kiasi gani, na atalala wapi?
5. Mwalimu wa chuo atakuja kumtazama lini?
6. Nakala ya mzazi iko wapi?

Kumbukeni pia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kupewa kazi za hatari.

Ndugu wasomaji, Mzee wetu hajui kufungua injini. Alijua kusoma ukurasa mmoja mpaka mwisho, na kuuliza juu ya lile ambalo halikuandikwa. Sisi tuliosoma miaka mingi kuliko yeye tulikuwa tayari kutia sahihi bila kusoma.

MANENO MAGUMU

Mwanagenzi: mtu anayejifunza kazi kwa fundi.
Nakala: karatasi ya pili yenye maneno yale yale.
Egemeo: kitu kinachoshikilia kingine kisianguke.

MASWALI

1. Mzee aliona nini kimekosekana katika mkataba?
2. Kwa nini fundi mkuu hakuwafundisha wanafunzi miezi mitatu ya kwanza?
3. Una petroli lita 10. Utaweka oili kiasi gani, kama kipimo ni lita 1 kwa lita 50?
4. Jadilianeni katika kikundi: je, ni haki gereji kulipa matibabu wakati mwanafunzi naye alikosea? Toeni sababu.