Taa ya Injini na Vali ya Moshi: Namna ya Kutambua Ugonjwa wa Gari la Dizeli



Katika mji wetu wa Bujumbura watu wengi hupata riziki yao kwa gari. Dereva hupata, mpokea nauli hupata, fundi hupata, na mama auzaye ndizi sokoni hufikisha mzigo wake kwa gari. Gari likiugua, nyumba nyingi huona taabu. Siku za likizo mimi husaidia kazi katika gereji ya baba yangu mdogo huko Buyenzi, na nimeona mara nyingi fedha zikipotea, si kwa kuwa ugonjwa ulikuwa mkubwa, bali kwa kuwa vipande vilinunuliwa kabla gari halijapimwa. Leo nataka tujifunze habari za ugonjwa mmoja tu, unaowasumbua sana wenye magari ya dizeli: taa ya injini iwakayo kwa sababu ya vali ya kurudisha moshi.

Gari nitakalolisema ni gari la abiria mfano wa Toyota Hiace yenye injini ya dizeli. Huko Ulaya magari ya umbo hili hutiwa kitanda, jiko na tangi la maji, na watu husafiri na kulala humo. Hapa kwetu hutiwa viti. Lakini injini ni za namna moja, na maradhi yake ni yale yale.

1. Moto wa dizeli

Injini hii ina jina la Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye mwaka 1897 alifaulu kuonyesha injini yake ikifanya kazi vema katika mji wa Augsburg. Tofauti yake na injini ya petroli ni kwamba haina cheche ya kuwasha moto. Pistoni huibana hewa ndani ya silinda mpaka ibaki kiasi cha sehemu 1 ya 15 hadi 20 ya nafasi yake ya kwanza. Hewa iliyobanwa hivyo hupata joto linalopita digrii 500. Ndipo mazutu hunyunyizwa ndani, nayo huwaka yenyewe.

Sasa tukumbuke somo la kemia. Hewa tuivutayo ina nitrojeni kiasi cha sehemu 78 katika 100, na oksijeni kiasi cha 21. Kwa kawaida gesi hizi mbili hukaa pamoja bila kuungana. Lakini katika moto mkali sana wa injini huungana, na kufanya oksidi za nitrojeni. Gesi hizo hutoka kwa bomba la moshi, nazo hudhuru mapafu, hasa ya watoto na ya wenye pumu.

2. Kazi ya vali

Wenye elimu ya injini walitafuta njia ya kupunguza ukali wa moto huo, wakaona dawa imo ndani ya moshi wenyewe. Moshi umekwisha kuungua, kwa hiyo una oksijeni kidogo. Sehemu yake ikirudishwa katika hewa inayoingia, moto hupoa kidogo na oksidi hupungua. Mlango unaopima moshi wa kurudi ndio vali tunayoisema. Katika vitabu vya mafundi huandikwa kwa herufi EGR.

Vali hii hufunguka wakati injini inapokwenda polepole au kwa kazi ya wastani. Dereva akikanyaga kwa nguvu zote, hufungwa, kwa sababu wakati huo injini yahitaji hewa safi nyingi.

Adui yake ni masizi. Masizi ya moshi hukutana na mvuke wa oili katika njia ya kuingizia hewa, vikashikana na kuwa kitu cheusi kama lami. Gari linalokwenda mwendo mfupi na wa kusimama-simama mjini hujaa lami hiyo upesi zaidi kuliko linalosafiri mbali. Siku moja vali hukwama. Nayo hukwama kwa njia mbili.

Ikikwama hali imefunguka, moshi huingia hata wakati usiotakiwa. Hewa safi huwa haba, mazutu hayaungui yote, na moshi mweusi hutoka. Gari hukosa nguvu mlimani. Dereva apandaye kutoka Bujumbura kwenda Bugarama hutambua mara moja, maana huko juu, kupita mita 2,000, hewa yenyewe ni nyepesi: kanieneo yake ni kiasi cha sehemu 4 katika 5 za ile ya pwani ya bahari.

Ikikwama hali imefungwa, dereva huenda asisikie neno lolote. Gari lina nguvu, na moshi haumtishi. Ila moto wa ndani umekuwa mkali, na oksidi zinatoka kwa wingi. Hapo anayeumia ni mpita njia. Bila taa, hakuna ambaye angejua.

3. Taa yasema nini

Taa za mbele ya dereva zina rangi, na rangi zina maana. Taa nyekundu ya oili au ya joto ni amri: simama mahali pa salama, zima injini. Taa ya njano yenye picha ya injini ni onyo: gari laweza kwenda, lakini lataka kupimwa. Ikiwa pamoja na taa ya njano nguvu zimepungua ghafula, au sauti imebadilika, usiendelee na safari ndefu.

Jambo kubwa la somo hili ni hili: taa haisemi kipande gani kimeharibika. Yasema tu kwamba hesabu ya kompyuta ya gari haikulingana. Kompyuta haina macho ya kuiona vali. Katika magari mengi hufanya hivi: huamuru vali ifunguke, kisha hutazama kipima hewa. Ikiwa moshi umeingia, hewa safi lazima ipungue, kwa kuwa nafasi ya silinda ni ile ile. Kama hewa safi haikupungua, kompyuta hukata shauri kwamba moshi haukurudi, nayo huwasha taa. Lakini kwa nini haukurudi? Hilo haliwezi kulijibu. Ndiyo kazi ya fundi.

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu ni dalili tu. Hayasemi mvua itanyesha juu ya paa la nani.

4. Kusoma namba

Kompyuta huweka kosa kwa namba. Tangu mwaka 1996 magari mapya madogo yote yauzwayo Marekani yalitakiwa kuwa na soketi ya namna moja yenye matundu 16, ili mashine yoyote ya kusomea iweze kuungwa. Ulaya iliweka sheria ya namna hiyo kwa magari ya petroli mwaka 2001, na kwa ya dizeli mwaka 2004.

Tutazame namba P0401. Herufi P ni mitambo ya injini na gia. Sufuri ni namba inayotumiwa na watengenezaji wote. Tarakimu 4 ni sehemu ya kupunguza ubaya wa moshi. Na 01 ni kosa lenyewe: moshi unaorudi ni kidogo kuliko unaotakiwa. Ndugu zake ni P0402, moshi umezidi; na P0403, njia ya umeme ya vali ina kosa.

Magari mengine ya zamani kutoka Japani hayasikilizani na kila mashine. Katika Toyota nyingi za namna hiyo fundi huunganisha matundu mawili ya soketi kwa waya, na taa yenyewe humweka. Ikimweka mara 7, ikanyamaza kidogo, kisha mara 1, ni namba 71, nayo ni habari ya vali yetu. Asiye na kitabu cha gari asijaribu kuunganisha waya, maana tundu lisilo lake laweza kuiunguza kompyuta.

5. Kupima kabla ya kununua

Mzee mmoja alileta gari lake la abiria gereji kwetu, taa ikiwaka, namba P0401. Mahali pengine alikuwa amekwisha uziwa vali mbili zilizotumika, moja baada ya nyingine, na kila mara taa ilizimwa kwa mashine, ikarudi baada ya siku chache. Karo ya wanawe ilikuwa imeingia katika vali hizo. Alitaka kununua ya tatu.

Baba mdogo akamwambia, “Mzee, usinunue kitu tena leo. Niachie gari saa moja tu.”

Mzee akajibu, “Haya, fundi. Lakini ujue nyumbani hakuna akiba tena.”

Vali ya gari lile haikuvutwa kwa umeme, bali kwa ombwe, yaani mvuto wa hewa. Pampu ya injini hufanya ombwe; vali ndogo ya umeme hulipima; mpira mwembamba hulipeleka mpaka kwenye kiwambo, na kiwambo huvuta mlango. Tulipima kwa mpango huu:

Kwanza, tulitazama kwa macho tukiwa na taa: nyaya, plagi, mipira ya hewa na chujio. Kazi hii haina gharama.

Pili, injini ikiwa imezimwa, tuliuvuta mpira wa kiwambo kwa pampu ya mkono. Mshale ulisimama imara, usishuke. Basi kiwambo hakikutoboka.

Tatu, injini ikinguruma polepole, tulivuta tena. Sauti ikawa nzito na injini ikatetemeka. Maana yake moshi ulikuwa ukiingia. Vali ilifunguka, na njia haikuziba. Kama sauti isingebadilika, tungefungua na kusafisha masizi.

Nne, tuligeuka kupima ombwe lenyewe. Kwenye pampu lilikuwa na nguvu. Mwisho wa mpira, hapo penye vali, halikuwapo. Basi kosa lilikuwa kati ya sehemu hizo mbili. Tukaupapasa mpira kwa vidole polepole, tukaona umepasuka upande wa chini, mahali penye joto ambapo jicho halifiki.

Kipande cha mpira mpya kiligharimu kama chakula cha mchana. Taa ilizimwa, na gari likarudi kazini siku ile ile. Vali zote mbili alizouziwa mzee zilikuwa nzima, na ile ya kwanza kabisa, aliyokuwa nayo tangu mwanzo, huenda ilikuwa nzima pia.

Basi kanuni ni hii: anza na kisichogharimu, endelea mpaka kinachogharimu, na kila hatua ikuambie ugonjwa haupo wapi. Vali inayovutwa kwa umeme haina mpira wa ombwe, lakini mpango ni ule ule: mashine huiamuru ifunguke, nawe husikiliza sauti, hutazama kipima hewa, na hupima umeme kwenye plagi.

Tahadharini: bomba la moshi na vali huunguza ngozi. Injini isingurume ndani ya chumba kilichofungwa. Dawa ya kusafishia hushika moto upesi. Wala kipima hewa kisisuguliwe kwa kitambaa, maana waya wake ni mwembamba sana.

6. Shauri la kuziba

Wengine huziba njia ya vali kwa kipande cha bati, na kumlipa mtu aifundishe kompyuta isiwashe taa. Husema injini hukaa safi zaidi. Ni kweli masizi hayarudi ndani. Lakini yale yaliyotakiwa kupunguzwa hutoka nje yote. Na zaidi ya hayo, gari limenyang'anywa ulimi wake. Kesho chombo kile kile kikiugua kwa namna nyingine, halitaweza kusema. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Hata kampuni kubwa imewahi kuumbuka. Mwezi wa Septemba 2015 ilijulikana kwamba Volkswagen ilitia katika magari yake ya dizeli, kiasi cha milioni 11 duniani, programu iliyopunguza oksidi wakati wa kupimwa tu. Barabarani ziliachwa zitoke. Na tangu mwaka 2012 shirika la Umoja wa Mataifa lichunguzalo saratani limeuweka moshi wa dizeli katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Wanaoupumua kila siku hapa kwetu si wageni: ni wauzaji wa kando ya barabara, waendesha baiskeli, na sisi wanafunzi tungojao gari.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku utakapoona taa ya njano, usiogope wala usidharau. Soma namba, pima kwa utaratibu, kisha ndipo ufungue mfuko.

Maswali

1. Kwa nini moshi unaorudishwa hupunguza ukali wa moto?
2. Vali iliyokwama hali imefungwa humdhuru nani kwanza, dereva au mpita njia? Eleza.
3. Kompyuta hujuaje kwamba moshi haukurudi?
4. Gari lina namba P0401. Ukivuta kiwambo kwa pampu ya mkono, mshale washuka mara moja. Ugonjwa uko wapi?
5. Gari jingine lina namba hiyo hiyo. Kiwambo ni imara, ombwe lipo, lakini sauti ya injini haibadiliki. Utafanya nini kabla ya kununua vali mpya?