Vyombo vya Sauti na Ufundishaji wa Lugha ya Kigeni: Mfano wa Mwanafunzi wa Kojani, Pemba

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili nafasi ya vyombo vya sauti, yaani redio, kinasa sauti na simu ya mkononi, katika kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni. Mfano tutakaoutumia ni wa Kojani, kisiwa kidogo cha wavuvi kilichoko upande wa mashariki wa Pemba, katika Wilaya ya Wete. Mtoto wa Kojani hulelewa kwa Kiswahili, katika lahaja ya Kipemba. Sauti za Kiarabu huzipata chuoni. Kiingereza hukutana nacho skuli, na nje ya skuli hukisikia kwa nadra. Hata hivyo, Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na mitihani mingi ya sekondari hufanywa kwa lugha hiyo. Kwa hiyo, mtoto asiyeweza kuisikia lugha hii hakosi somo moja tu, bali hufungiwa mlango wa masomo mengi.

Hoja yetu ni kwamba chombo hakifundishi kwa sababu ni kipya. Hufundisha pale tu kinapobeba mazoezi yaliyotokana na lugha ya kwanza ya mwanafunzi, na pale anapokuwapo mtu wa kumsahihisha.

2.0 Mafunzo ya Historia

Katika miaka ya 1950 na 1960 maabara za lugha zilienea katika nchi za Magharibi. Zilijengwa juu ya imani kwamba lugha ni mazoea, na kwamba anayerudia sana hatimaye atajua. Tahakiki ya Chomsky ya mwaka 1959 dhidi ya kitabu cha Skinner iliitikisa imani hiyo, na maabara nyingi baadaye zikapoteza umaarufu. Aliyekaa humo alirudia asichokielewa, wala mashine haikumwambia kosa lake.

Afrika Mashariki ilipata uzoefu wa namna nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kenya ilijaribu kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya mwanzo ya skuli za msingi. Sauti ya redioni iliuliza, ikanyamaza, na watoto wakajibu, huku mwalimu akiwa darasani. Zanzibar nayo, kupitia mradi wa RISE, iliandaa vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze kwa watoto wadogo, vikiwemo vya Kiingereza. Katika mifano hii miwili redio haikuchukua nafasi ya mwalimu, bali ilimpa sauti ambayo huenda yeye mwenyewe hana.

3.0 Nini Kifundishwe?

Robert Lado, katika kazi yake ya mwaka 1957, alishauri kwamba lugha mbili zilinganishwe kabla ya kuandaa somo. Ijapokuwa ulinganishi hautabiri kila kosa, katika matamshi ungali una manufaa. Tuchukue mambo matatu.

(a) Vikwamizi vya meno. Programu nyingi za kufundishia Kiingereza hutilia mkazo sauti za mwanzo wa maneno "think" na "this", kwa kuwa Wafaransa na Wajerumani hawana sauti hizo. Lakini anayesema "thelathini" na "dhahabu", na aliyezifunza herufi za Kiarabu chuoni, anazo tayari. Kumpotezea saa nzima kwa zoezi hilo ni sawa na kumfundisha mvuvi kupiga kasia.

(b) Irabu. Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza sanifu cha Uingereza, kwa hesabu iliyozoeleka, kina irabu 12 na irabu unganifu 8. Maneno "cat", "cut" na "cart" yote huelekea kuangukia kwenye /a/ moja ya Kiswahili, na "ship" na "sheep" kwenye /i/ moja. Hapa ndipo penye mzigo mkubwa.

(c) Mwisho wa neno. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, ndiyo maana tumepata "basi", "benki" na hiyo "skuli" yenyewe. Kosa hili haliishii katika lafudhi. Msemaji wa Kiswahili huitafuta njeo upande wa mbele wa kitenzi: "anatembea", "alitembea". Kiingereza huiweka mwishoni: "walk", "walked". Sikio lililozoea kungojea njeo mwanzoni huikosa, na pamoja nayo hukosa maana ya sentensi.

4.0 Chombo na Msahihishaji

Ufundishaji wa kusoma Kurani una hatua tatu: mwanafunzi husikia, hurudia, kisha mwalimu humsahihisha pale sauti inapotoka mahali pasipo pake. Simu ya kawaida, hata isiyo na intaneti, hutosha kwa hatua mbili za mwanzo. Jozi za maneno kama zile za sehemu ya 3.0 zaweza kurekodiwa na kuhifadhiwa katika kadi ya kumbukumbu. Hili lina uzito Kojani, ambako wavuvi huenda dago, wakipiga kambi mbali na nyumbani kwa muda mrefu, na baadhi ya wavulana huwafuata. Mwanafunzi wa namna hiyo aweza kuondoka na somo lake, akajirekodi, na akirudi mwalimu akamsikiliza. Hatua ya tatu, hata hivyo, hubaki kuwa ya mwalimu.

5.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba swali la kwanza si chombo gani kinunuliwe, bali ni sauti zipi mwanafunzi huyu hazisikii. Jibu lake haliletwi na kiwanda cha programu. Ni kazi ya idara zetu za isimu. Tunapendekeza kwamba wanafunzi wa uzamili wafanye tafiti za namna hii katika lahaja mbalimbali za Kiswahili, na matokeo yao yageuzwe kuwa mazoezi ya sauti yatakayotumiwa na walimu. Bila ya kazi hiyo, simu itamletea mtoto wa Kojani somo lililotungwa kwa ajili ya mtoto mwingine.