Kiherehere unapolijaribu gari mbele ya muuzaji

Wapo watakaoona ajabu safu ya afya kuzungumzia ununuzi wa gari, lakini somo la leo ni la afya hasa. Tutaangalia kile kiherehere kinachompata mtu anapolijaribu gari barabarani huku muuzaji ameketi kando yake. Moyo unakwenda mbio, viganja vinalowa jasho, na mtu mwenye leseni ya miaka kumi anaendesha kama aliyeshika usukani leo. Anarudi yadi amejidharau, na lililo baya zaidi, hajui gari lile ni zima au ni bovu.

Yaliyonikuta mimi

Nianze na kisa changu ili usidhani nazungumza ya vitabuni tu. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiendesha pikapu ya kaka yangu, ambayo ni ya gia za mkono. Nilipodunduliza fedha zangu nilikwenda kwenye yadi moja hapa Dar es Salaam kutazama gari dogo la otomatiki, lililotumika Japani. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu. Aliketi kando yangu na kuanza kulisifu gari kabla hata sijafunga mkanda.

Tulipokaribia makutano, mguu wangu wa kushoto ukatafuta klachi kwa mazoea. Gari la otomatiki halina klachi. Mguu ukakanyaga breki kwa nguvu, gari likasimama ghafla, na bodaboda aliyekuwa nyuma yetu nusura atugonge. Muuzaji akacheka, akasema, "Taratibu bosi." Kuanzia hapo sikusikia tena kitu isipokuwa mapigo ya moyo wangu. Tuliporudi nilisema "gari zuri", nikatoa arabuni papo hapo ili niondoke pale.

Wiki ya tatu giaboksi ikaanza kuteleza. Fundi aliniambia ugonjwa ule si wa wiki tatu, akaniuliza kama sikuuhisi siku ya majaribio. Sikuwa na jibu. Fedha niliyoitenga kwa ada ya watoto ikaishia gereji. Ndiyo maana nasema kiherehere hiki si jambo la kuchekwa tu.

Kinachotokea mwilini

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iitwayo adrenali. Ubongo unapohisi hatari, neva hupeleka ishara kwenye tezi hizi nazo humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Mtaalamu wa Marekani, Walter Cannon, alilieleza jambo hili kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1915, kwamba mwili unajiandaa kupambana au kukimbia. Moyo hupiga haraka ili damu nyingi iende kwenye misuli. Pumzi huwa fupi. Kinywa hukauka, mikono hutetemeka, na tumbo husokota kwa sababu kazi ya kusaga chakula imewekwa kando kwanza.

Kwa kawaida moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Mtu mwenye kiherehere unaweza kupita 100 ingawa ameketi tu. Hilo peke yake si ugonjwa, ni mwili uliofanya kazi yake. Tatizo ni kwamba mwili hautofautishi vizuri kati ya simba na muuzaji wa magari. Unakuandaa kukimbia wakati wewe unatakiwa ukae, usikilize na upime.

Kwa nini mbele ya muuzaji?

Wengi hujiuliza, "Mbona gari langu naliendesha vizuri kila siku?" Jibu lake limetafutwa kwa muda mrefu. Mwaka 1898 mtafiti wa Marekani, Norman Triplett, aliandika kwamba waendesha baiskeli walikwenda kasi zaidi walipokuwa na wenzao kuliko walipokuwa peke yao. Lakini wengine waliochunguza baadaye waliona kwamba mara nyingine mtu akitazamwa huharibu kazi. Mwaka 1965 Robert Zajonc akatoa maelezo yaliyopatanisha mambo hayo mawili. Kazi uliyoizoea sana huifanya vizuri zaidi ukitazamwa, na kazi ngeni kwako huifanya vibaya zaidi ukitazamwa. Kutazamwa huamsha mwili, na mwili ulioamshwa hukimbilia mazoea.

Sasa liangalie gari la yadi. Kuendesha umekuzoea, lakini gari lenyewe ni geni. Breki zake ni laini au kali kuliko zako. Magari mengi ya Japani yana indiketa upande wa kulia wa usukani, na mengi ya Ulaya yanayo upande wa kushoto, hivyo unataka kukata kona, unawasha waipa. Mguu wangu ulitafuta klachi kwa sababu hiyo hiyo. Haikuwa ujinga, ni mazoea yaliyotokea mahali pasipo pake.

Ongeza hapo kwamba gari si lako na unaogopa kulikwaruza. Tena unajua kwamba huyu aliye kando anakupima kama una fedha na kama unajua magari, na mwisho wa safari atataka jibu.

Hatari zake

Hatari ya kwanza ni ya uhai. Mtu aliyetaharuki anaweza kukosea pedali, akakanyaga mafuta akidhani ni breki, na gari linaporuka mbele akazidi kukanyaga. Macho nayo huganda mahali pamoja, akamwona muuzaji na mshale wa spidi, asimwone mtoto anayevuka.

Hatari ya pili ni ya mali. Akili yenye hofu hubeba mambo machache kwa wakati mmoja. Sauti ya shokapu iliyokwisha, usukani unaovuta upande mmoja, gia inayochelewa kuingia, vyote hivyo vinakupita.

Hatari ya tatu ni kununua ili kuikimbia aibu. Mtu aliyefedheheka hutafuta mlango wa kutokea, na mlango ulio karibu ni kusema "ndiyo".

Hata hivyo usitake kiherehere kiishe kabisa. Yerkes na Dodson walionyesha mwaka 1908, kwa majaribio ya panya, kwamba kazi ikiwa ngumu, msisimko wa kiasi husaidia na uliozidi huharibu. Kiherehere kidogo kitakufanya uwe makini. Tunachotaka ni kukipunguza, si kukiua.

Hatua za kufuata

1. Jiandae nyumbani. Andika kwenye karatasi mambo ya kuchunguza: injini ikiwashwa ya baridi, moshi, breki, usukani, gia, sauti kwenye barabara mbovu, taa za dashibodi, kiyoyozi. Karatasi hukumbuka wakati akili imesahau. Kula na kunywa maji kama kawaida yako, lala vya kutosha, na punguza kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu siku hiyo, kwa sababu kafeini huongeza mapigo ya moyo na kutetemeka.

2. Usiende peke yako. Nenda na fundi unayemwamini au ndugu anayejua magari. Yeye asikilize gari, wewe uendeshe. Kwa dada zetu jambo hili lina uzito zaidi. Kuingia peke yako garini na mwanamume usiyemjua si salama, na hukumu ya faragha unaijua. Mume, baba, kaka au mtoto wako mkubwa akiwa kiti cha nyuma, utaendesha kwa utulivu.

3. Weka masharti kabla ya kuwasha gari. Mwambie muuzaji kwa upole, "Ndugu yangu, naomba nikiendesha tusizungumze, maswali nitakuuliza tukisimama." Muulize pia kama gari lina bima na ruhusa ya kuwa barabarani, na muafikiane mtapita njia gani. Anayejua njia hapati hofu ya kona asiyoitarajia.

4. Chukua dakika tano gari likiwa limesimama. Rekebisha kiti na vioo. Gusa indiketa, waipa, taa, honi na breki ya mkono mpaka mikono ijue vilipo. Kanyaga breki uone uzito wake. Kama umetoka gia za mkono kwenda otomatiki, urudishe mguu wa kushoto nyuma kabisa na uuache huko.

5. Pumua polepole. Ingiza hewa puani ukihesabu hadi nne, kisha itoe taratibu ukihesabu hadi sita. Fanya mara sita, itakuchukua kama dakika moja. Siri iko katika kutoa pumzi kwa urefu, kwani hapo neva iitwayo vagasi hupunguza kasi ya moyo. Legeza mabega na vidole pia. Usifumbe macho gari likiwa linakwenda.

6. Anza mahali pa wazi. Zunguka kwanza ndani ya yadi au barabara ya mtaani isiyo na magari mengi kwa dakika kumi. Huko ndiko kuligeuza gari geni kuwa la mazoea, na kwa maelezo ya Zajonc, hapo kutazamwa kunapungua makali. Barabara kuu iwe baadaye.

7. Ukikosea, sema. Gari likizimika au ukiwasha waipa, tamka tu, "Bado nalizoea gari." Aibu inayofichwa huongeza kiherehere. Mikono ikizidi kutetemeka, egesha pembeni palipo salama, pumua tena, kisha mwombe fundi wako mwenye leseni aendelee. Wewe ukae kiti cha abiria usikilize. Hakuna aliyesema mnunuzi ndiye lazima aendeshe.

8. Usitoe jibu siku hiyo. Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Adrenalini huisha katika damu kwa dakika chache, lakini fikra za haraka na aibu hukaa zaidi. Andaa jibu lako kabla hujatoka nyumbani: "Nimeliona, nitakupa jibu kesho inshaallah." Muuzaji akisema kuna mwingine analifuata jioni, jibu liwe lile lile. Gari likiondoka, magari bado yapo. Akiba ya miaka ikiondoka, ni vigumu kuirudisha. Tuliosoma fiqhi madrasa tunaukumbuka mlango wa khiyari, kwamba mnunuzi na muuzaji wana nafasi ya kughairi kabla hawajaachana kwenye kikao, na kwamba kasoro iliyofichwa humpa mnunuzi haki ya kurudisha. Kama haki hiyo ipo, basi hakuna fedheha katika kuchunguza kwa makini na kuondoka bila kununua.

Tahadhari ya dawa

Wapo wanaoshauriana kumeza kidonge cha kutuliza kabla ya kwenda. Diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium, hupunguza hofu lakini pia huchelewesha mikono na miguu kuitikia, na aliyeimeza haruhusiki kushika usukani. Propranolo hupunguza mapigo ya moyo, lakini inaweza kumbana vibaya mgonjwa wa pumu. Usimeze bila kuandikiwa. Hata piriton ya mafua huleta usingizi. Dawa ya kiherehere hiki ni maandalizi.

Lini uje hospitali

Kiherehere cha kawaida huja kwa sababu na huondoka sababu ikiondoka. Uje tukuangalie ikiwa:

- moyo unakwenda mbio bila sababu, au unazimia;
- unapata maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au kwenye taya. Hapo usiendeshe na usisubiri, pelekwa hospitali mara moja;
- mikono inatetemeka kila siku, unakonda ingawa unakula, na huvumilii joto, kwani huenda tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi;
- ulipata ajali, na zaidi ya mwezi umepita bado unaota ndoto mbaya au unashindwa kupanda gari.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini apime sukari kabla ya kuendesha. Ikiwa chini ya 4 asiendeshe. Ikiwa kati ya 4 na 5 ale kitu kwanza. Kutetemeka na jasho la sukari kushuka hufanana sana na kiherehere, na wapo waliodhani ni woga kumbe ni sukari. Mwenye kifafa asilijaribu gari mpaka daktari wake amruhusu.

Kwa ndugu muuzaji

Na wewe ndugu yangu unayeuza magari, ukisoma haya usikasirike. Mteja wako anapotetemeka si lazima awe hajui kuendesha. Mpe funguo, mwache akae dakika tano, funga kinywa mpaka aegeshe. Na ile kasoro unayoijua, itaje wewe kwanza. Mteja aliyetulia na kuambiwa ukweli hukuletea na ndugu zake.

Ndugu msomaji, gari linapimwa kwa masikio, mikono na macho yaliyotulia. Ukihisi moyo unakwenda mbio, usijilaumu wala usikimbilie kulipa. Simama, pumua, sema "kesho", na urudi nyumbani na fedha yako mfukoni. Ukilala na ukaamka bado unalitaka, litazame tena ukiwa na fundi wako.

Wabillahi tawfiq.