Vidole vya Seremala

Mwenye kupita Keko, katika wilaya ya Temeke, huzisikia karakana za maseremala kabla hajaziona. Misumeno ya umeme yalia tangu asubuhi, na vitanda, makabati na viti vimepangwa kando ya barabara vikingoja wanunuzi. Nyumba nyingi za Dar es Salaam, tangu Mbagala hata Tegeta, zimepambwa kwa kazi ya mikono kama ile. Leo twataka kuitazama mikono yenyewe.

Tuanze na msumeno wa duara. Utokapo kiwandani huwa na kifuniko juu ya meno, na bamba jembamba lisimamalo nyuma yake. Wengi hawajui kazi ya bamba hilo, wakaling'oa. Kumbe ubao ukipasuliwa hutaka kujifunga tena, hasa ukiwa mbichi. Ukiubana msumeno, meno ya nyuma, ambayo yapanda juu, huunyanyua na kuurusha kwa nguvu kumwelekea fundi, na mkono uliokuwa ukiusukuma huweza kuvutwa hata kwenye meno. Bamba huiweka njia wazi, ubao usipate kubana.

Kifuniko nacho huondolewa kwa sababu tusiyoweza kuicheka. Fundi alipwaye kwa kazi aliyoimaliza, wala si kwa saa, huona kuwa kifuniko chamzuia kuuona mstari na chamchelewesha. Kwa hiyo si haki kumkaripia peke yake kijana aliyekatika kidole. Lakini kijiti cha kusukumia ubao, kichongwacho kwa dakika chache katika masalia ya mbao, hakimgharimu mtu hata senti moja.

Adui wa pili hana kelele. Zamani wazee walilainisha mbao kwa majani makavu ya mti uitwao msasa, na jina likabaki hata leo kwa karatasi ya dukani. Majani yale hayakutoa vumbi jembamba kama litokalo katika mashine ya msasa. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Uingereza waligundua kwamba saratani ya pua, ugonjwa ulio nadra sana, iliwapata watengeneza samani wa High Wycombe kupita watu wengine. Mwaka 1995 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu viletavyo saratani kwa binadamu. Ugonjwa huo hukawia miaka mingi kujitokeza, ndiyo maana kijana wa miaka ishirini haoni sababu ya kuuogopa. Kitambaa kilichofungwa puani huzuia chembe kubwa tu. Zile ndogo, ndizo mbaya, hupenya. Afadhali kulivuta vumbi pale pale litokapo, na kunyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia. Kupuliza nguo kwa upepo wa kompresa ni kulirudisha vumbi hewani ili livutwe mara ya pili.

Sheria ipo. Ile ya viwanda ya zama za wakoloni iliondolewa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, nayo husimamiwa na wakala wa serikali, OSHA, aliyeanzishwa mwaka 2001. Tena upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, chini ya sheria ya mwaka 2008. Mchango wake hutolewa na mwajiri, wala haukatwi katika mshahara wa mfanyakazi. Lakini je, mwajiri ni nani pale ambapo mmoja ana mashine, wa pili amekodi kibanda, wa tatu amekuja na mbao zake kupasuliwa kwa malipo, na kijana aushikaye ubao ni mwanagenzi asiye na mkataba? Aumiapo, kila mmoja humtazama mwenzake.

Sisi twaona kwamba mwenye mashine ndiye wa kwanza kuulizwa, maana yeye hupokea fedha kwa kila ubao upitao, na ndiye mwenye uwezo wa kuizima mpaka kifuniko kirudishwe. Nao mafundi wa kibanda kimoja wakijiunga kuwa kikundi, hawana sababu ya kumngoja mkaguzi aje siku asiyoisema. Waweza kumwita wenyewe, kabla kidole cha mtu hakijaokotwa katika unga wa mbao.