Saa ya Kuzamia: Namba ya Mita Inaahidi Nini?

Mlaji anayenunua saa ya kifahari ya kuzamia hulipa fedha nyingi kwa ahadi moja kubwa: kwamba maji hayataingia. Ahadi hiyo huandikwa kwa namba ya mita, kwenye uso wa saa au mgongoni mwake. Ni vema kujua namna ya kuisoma.

Maana ya namba

Namba hiyo hutokana na kipimo cha mgandamizo, si safari ya baharini. Saa ya kawaida iliyoandikwa mita 30 huhimili mvua na maji ya kunawa; haifai kuogelea nayo, sembuse kuzamia.

Saa ya mzamiaji hupimwa kwa kiwango cha kimataifa ISO 6425. Kiwango hicho hutaka ihimili angalau mita 100, isomeke gizani, na kila saa ijaribiwe kwa mgandamizo unaozidi wa kina kilichoandikwa kwa asilimia 25. Saa inayokidhi huandikwa “Diver’s” pamoja na kina chake. Hata hivyo, maandishi hughushiwa. Yasiwe ushahidi wako pekee.

Ahadi huchakaa

Maji huzuiwa na mipira midogo iliyo ndani ya saa. Mipira hiyo hukauka na kulegea kadiri miaka inavyopita, lakini namba iliyoandikwa haibadiliki.

Saa ya otomatiki ina hatari yake ya ziada. Haina betri, hujitia ufunguo kwa mwendo wa mkono. Ikivuliwa kwa siku mbili au tatu, nyingi husimama, na mwenyewe hufungua kifundo cha ubavuni ili kurekebisha majira. Asipokikaza tena, maji huingia hata katika saa ya mita 300.

Kabla ya kulipa

1. Dai risiti yenye namba ya utambulisho, na uilinganishe na iliyochongwa kwenye saa.
2. Soma dhamana ya maandishi: je, inahusisha uharibifu wa maji, na kwa masharti gani?
3. Kwa saa iliyotumika, omba ipimwe mgandamizo mbele yako.

Baada ya kununua, kila fundi anapoifungua saa, mtake aipime upya kabla hujaingia nayo majini. Tunza risiti na dhamana. Bila hizo, ni vigumu kuthibitisha madai yako.