Rangi Mpya ya Boti Haifuti Mshahara wa Baharia

Boti ya Ziwa Albert inapovutwa nchi kavu Tchomia au Kasenyi ili ibadilishwe sura, kazi ya mbao huisha mapema kuliko kesi inazozaa. Nyufa zinakalafatiwa kwa pamba, ubavu unaongezewa mbao mbili tatu ili ibebe mzigo zaidi, bluu iliyochuja inafunikwa kwa nyeupe, na jina la zamani linakwanguliwa ili jipya liandikwe. Siku ya kuishusha majini, mabaharia wanaodai mishahara ya miezi kadhaa huambiwa kwamba deni lile lilikuwa la boti ya zamani. Hii mpya ni ya shemeji, au ya kampuni iliyofunguliwa juzi Bunia, na anayetaka kazi aanze upya.

Sheria ya Kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, ilishaziba njia hiyo. Kifungu cha 80 kinasema kwamba mwajiri akibadilika, iwe kwa urithi, kwa mauzo au kwa biashara kugeuzwa kampuni, mikataba yote iliyokuwa hai siku hiyo inaendelea kati ya mwajiri mpya na wafanyakazi wale wale. Jina lililoandikwa ubavuni halimo katika hesabu hiyo. Mfano ni meli Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyoundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani. Ilianza ikiitwa Graf von Goetzen, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina jipya, na baadaye ikatolewa mashine za mvuke ikawekewa dizeli. Hakuna anayedai kwamba ni meli nyingine. Kwa hiyo baharia anayedai huwataja wote wawili katika barua moja, mwenye boti wa zamani na wa sasa. Wakitaka kugawana deni, wagawane wenyewe mbele ya inspekteri wa kazi. Na pale ambapo patroni ni yule yule na kilichobadilika ni rangi tu, hakuna hata cha kujadili.

Jibu la pili la mapatroni ni kwamba baharia hakuwa na mkataba, alikuwa kibarua wa siku. Hapa ndipo wengi hukata tamaa bila sababu. Kibarua aliyekwisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akiitwa tena kazini kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa ameajiriwa kwa muda usio na kikomo. Baharia anayevuka ziwa mara tatu kwa wiki na kulala botini kulinda injini hufikia siku hizo haraka. Kukosekana kwa karatasi kunamwelemea mwajiri, kwa sababu kuandika mkataba ni wajibu wake, na mfanyakazi anaruhusiwa kuuthibitisha kwa njia yoyote: daftari la safari, ujumbe wa simu wa pesa zilizotumwa, ushahidi wa wapakiaji wa bandarini. Fundi aliyechomelea na kupaka rangi boti kwa amri ya patroni, siku baada ya siku, yuko chini ya kanuni hiyo hiyo.

Mtego mbaya kuliko yote ni neno “ngojeni”. Ngojeni boti itoke kwenye matengenezo, ngojeni safari ya kwanza, ngojeni mwenye mali arudi kutoka Kampala. Madai ya mshahara hufa baada ya mwaka mmoja tangu siku ambayo mshahara ulipaswa kulipwa, na matengenezo hayasimamishi mwaka huo. Kinachousimamisha ni malalamiko yaliyopelekwa kwa inspekteri, au hesabu iliyosainiwa na pande zote mbili ikionyesha kiasi kinachobaki. Patroni anayeahidi kwa mdomo lakini anakataa kuweka saini amekwisha kujibu.

Kwa inspekteri ndiko kesi inakoanzia, kwa kuwa tribinali haipokei shauri la mfanyakazi mmoja mmoja ambalo halijapitia upatanisho. Upatanisho ukishindikana, inspekteri anaandika PV, yaani hati rasmi, ya kutopatana, na PV hiyo ndiyo mlango wa tribinali. Ofisa anayeomba pesa ya karatasi au ya usafiri ili aiandike anauza kazi ambayo serikali inamlipa kuifanya. Wapo pia mapatroni wanaogeuza deni kuwa jinai: anayedai mshahara anashtakiwa kwamba ameiba injini ya Yamaha. État de siège, yaani utawala wa dharura wa kijeshi, ilipotangazwa Ituri mwezi Mei 2021 na kesi za jinai kuhamishiwa kwenye mahakama za kijeshi, tishio hilo lilipata meno. Madai ya mshahara yanabaki kuwa shauri la kazi, na barua iliyopokewa na inspekteri kabla ya tuhuma kuzuka ni ushahidi wa nani alianza kumtafuta mwenzake.

Sheria yenyewe ina aibu zake. Mwaka mmoja ni mfupi mno kwa mtu anayepaswa kupanda kutoka ziwani kupitia Bogoro, barabara ambayo vita huifunga mara kwa mara, ili tu afike ofisini Bunia. Kikomo cha saa 45 kwa wiki kiliandikwa kwa kumfikiria mtu anayefunga mlango jioni na kwenda kwake. Anayelala juu ya magunia ili mafuta yasiibwe anaambiwa kwamba alikuwa amepumzika.

Kuna boti ambazo mwenyewe anaishi ng'ambo, upande wa Uganda. Kazi ikifanyika Kongo, Sheria ya Kazi ya Kongo inaihusu hata kama makubaliano yalifanyika Ntoroko au Butiaba. Malalamiko yataje jina la boti la zamani na jipya, siku ilipovutwa nchi kavu, na aliyekuwa akitoa amri na pesa ufukweni.